Cherehani Juu ya Godoro: Nilivyojifunza Kuchagua Viatu vya Kunyanyulia Vyuma

Mimi ni fundi cherehani, na kwa miaka 19 nimekaa kwenye kiti kilekile katika chumba kimoja cha biashara huko Temeke, mgongo umeinama, macho kwenye sindano, mguu wa kulia ukikanyaga pedali na wa kushoto umelala tu pembeni kama mgeni asiye na kazi. Mgongo ulipoanza kugoma, mwaka 2021, mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliniambia kwamba nilihitaji nguvu zaidi kuliko nilivyohitaji vidonge, akanishauri nitafute mahali pa kunyanyua vyuma chini ya uangalizi wa mtu anayeijua kazi hiyo. Nilikuwa na umri wa miaka 42 na sikuwa nimewahi kuingia jimu. Wazo la kwanza lililonijia halikuhusu chuma wala mgongo, lilihusu viatu: nitavaa nini?

Nilikuwa na imani moja kuhusu viatu, na nadhani wengi tunayo, kwamba kiatu kizuri ni kiatu laini. Muuzaji hukibonyeza mbele yako ili uone kinavyorudi, nawe ukishakivaa hupiga hatua mbili tatu hapo hapo kibandani na kusema kwamba ni kama umekanyaga mkate. Kwa hiyo Jumamosi moja nilidamka kwenda soko la mitumba la Karume, kwa sababu ukichelewa unakuta mabelo yameshachambuliwa na waliowahi, nikachagua jozi ya viatu vya kukimbilia vyenye soli nene ya sponji, unene wa karibu vidole vitatu pale kisiginoni, nikalipa shilingi 35,000 baada ya kuvutana kidogo na muuzaji. Vilikuwa vizuri kwelikweli kutembelea. Nilitoka navyo sokoni hadi nyumbani na miguu haikuchoka.

Jimu niliyoelekezwa iko nyuma ya karakana ya kuchomelea mageti. Sakafu yake ni ya saruji, paa ni la mabati, na vyuma vyake vingi ni makopo ya rangi ya lita 4 yaliyojazwa zege na kuunganishwa kwa bomba, kila kopo likiwa na uzito unaokaribia kilo 10. Kipo pia chuma kimoja cha kweli, cha kilo 20, chenye pleti zake, yaani sahani za uzito zinazovishwa kila ncha, ambacho hufunikwa kwa kanga wakati hakitumiki. Kocha ni kijana ambaye angeweza kuwa mwanangu wa kwanza. Siku ya kwanza aliniamkia shikamoo, akaniita mama, na mpaka leo hunisahihisha kwa heshima ambayo wakati mwingine huupunguza sana ukali wa kile alichotaka kusema.

Wiki za mwanzo nilichuchumaa na bomba tupu mabegani, zoezi ambalo vijana huliita skwati, na uzito ule mdogo haukufichua chochote. Tulipofika kilo 40 mambo yalibadilika. Nilipokuwa nikishuka nilihisi kama nimesimama ndani ya ngalawa inayopigwa na mawimbi ya ubavuni: uzito ulielekea mbele, ukarudi nyuma, na magoti, hasa la kushoto, yakaingia ndani kama yanayotafutana. Nilidhani ni udhaifu wangu, na kwa kuwa sikupenda kuonekana dhaifu mbele ya vijana, niliendelea hivyo kwa wiki mbili nzima, hadi goti la kushoto likaanza kuuma upande wa ndani kila niliposhuka ngazi. Hapo ndipo kocha alipochuchumaa nyuma yangu na simu mkononi, akanirekodi, kisha akanionyesha picha ile polepole. Nilipokuwa nikishuka, sponji ya kisigino cha kushoto ilikuwa ikididimia upande wa ndani, na kifundo cha mguu kikaifuata, na goti likakifuata kifundo.

"Mama, naomba uvue viatu," alisema.

Nilichuchumaa pekupeku, kwa uzito uleule wa kilo 40, na ngalawa ikatia nanga. Magoti hayakunyooka kabisa, na maumivu hayakwisha siku hiyo, lakini ule mtikisiko ulikuwa umetoweka ndani ya dakika moja bila mimi kuongeza nguvu yoyote. Nilikasirika kidogo, kama mtu anavyokasirika anapogundua kwamba taa haikuwa imeungua, ni swichi tu iliyokuwa imezimwa.

Jioni ile niliviweka vile viatu juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa, nikainama na kuvitazama kwa nyuma, kama ninavyoitazama koti iliyotundikwa ili nione kama mabega yamelingana. Vilikuwa vimeinama, kile cha kushoto zaidi. Aliyevivaa kabla yangu, popote alipokuwa, alikuwa amekanyaga kwa upande wa ndani kwa miezi mingi, na sponji ilikuwa imeuhifadhi mwendo wake na kuuleta Temeke. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kiatu cha mtumba ni kitanda ambacho mwenzako amekilalia kwa muda mrefu. Tangu siku hiyo sinunui kiatu cha mtumba bila kukiweka kwanza juu ya ubao ulionyooka na kukitazama kwa nyuma nikiwa nimekilinganisha macho. Wauzaji wananiona kama ninayejifanya mjuaji, lakini wananivumilia.

Sababu ya tatizo niliielewa vizuri zaidi kupitia kazi yangu mwenyewe kuliko kupitia maelezo ya mtu yeyote. Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa nikianza biashara, meza ya cherehani yangu ilikuwa na mguu mfupi, nami nikauwekea kipande cha godoro kuukuu ili utulie. Mashine ilianza kuruka mishono. Kila sindano iliposhuka, meza nayo ilishuka kidogo, kisha ikarudi, na uzi ukakosa wakati wake. Fundi wa cherehani aliyekuja kuitazama alicheka, akalitoa godoro na kuweka kipande cha ubao. Sponji ya kiatu cha kukimbilia imetengenezwa ili imeze kishindo cha mguu unaotua maelfu ya mara barabarani, na hiyo ni kazi ya heshima. Lakini mtu anayenyanyua chuma hatui. Anasimama mahali pamoja na kuisukuma ardhi, na kila kinachobonyea katikati ya unyayo na ardhi kinakula sehemu ya msukumo huo, tena hakili kwa usawa, kwa sababu sponji hubonyea zaidi pale inapoelemewa zaidi. Neno la kushika mguu, ambalo wauzaji hulitumia sana, nilikuwa nimelielewa kinyume. Nilidhani kinachoshika ni kile kinachobembeleza.

Kwa miezi miwili hivi nilifanya mazoezi pekupeku, na ninakiri kwamba katika kipindi hicho ndipo nilipojifunza mengi kuhusu miguu yangu. Kocha alinifundisha kuhisi sehemu tatu za unyayo zikigusa sakafu kwa pamoja: kisigino, shina la kidole gumba, na shina la kidole kidogo. Sehemu moja ikiinuka, chuma kinajua kabla yako. Ndani ya kiatu kinene hisia hiyo haifiki, sawa na mtu anayejaribu kutambua aina ya kitambaa akiwa amevaa glavu. Hata hivyo pekupeku haikuwa njia ya kudumu. Sakafu ya saruji ina vumbi na jasho, na kocha mwenyewe hakuipenda, kwa kuwa aliwahi kumwona kijana akiangushiwa pleti ya kilo 5 kwenye vidole. Ni kweli kwamba hakuna kiatu cha kitambaa kitakachozuia pleti kuvunja kidole, lakini mtu aliyevaa kiatu walau hakwaruzwi, hatelezi kwa jasho lake, wala hakanyagi kichwa cha msumari kilichotoka karakanani.

Nikanunua raba za kitambaa, zile za soli ya mpira mgumu na bapa ambazo wanafunzi huvaa siku ya michezo. Shilingi 15,000, mpya, hazijakanyagwa na mtu. Kwa kuinua chuma kutoka sakafuni, mpaka leo sijapata kiatu kilicho bora zaidi kwangu, na sababu yake ni rahisi: soli ikiwa nyembamba unakuwa karibu na sakafu, na kila milimita unayopandishwa na kiatu ni milimita unayolazimika kukinyanyua chuma zaidi. Tena soli iliyo bapa toka kisiginoni hadi vidoleni haikusukumi mbele, wakati zoezi lile linataka uzito ubaki katikati ya unyayo na kuegemea nyuma kidogo. Wanyanyuaji wakubwa wanaoshindana katika zoezi hilo wengi huvaa hivyohivyo, raba bapa au hata viatu vyembamba mithili ya soksi zenye soli ya mpira.

Nilipokuwa nikizifunga raba zile kwa mara ya kwanza nilimkumbuka marehemu baba. Alikuwa hamali wa magunia bandarini Tanga, na kiatu chake cha kazi kilikuwa makatambuga, yaliyokatwa kwenye tairi la gari, magumu kama ubao. Sisi watoto tulimhurumia. Siku moja kaka yangu alimnunulia viatu laini kwa mshahara wake wa kwanza, na baba alivivaa msikitini na kwenye harusi, lakini hakuwahi kwenda navyo kazini hata siku moja. Tulidhani anavitunza.

Lakini raba bapa hazikutatua skwati. Nilipojaribu kushuka mpaka nyonga iwe chini ya goti, visigino viliinuka kutoka sakafuni, na nilipovilazimisha kubaki chini, kifua kilianguka mbele hadi nikawa kama ninayeinama kuokota kitu. Kocha aliniwekea pleti mbili nyembamba chini ya visigino, hila ya zamani ya jimu, na ghafla nikashuka vizuri, kifua kimesimama. Furaha hiyo ilidumu siku tatu, mpaka pleti moja iliposogea nilipokuwa chini na chuma cha kilo 45 mabegani. Sikuumia, lakini nilikitupa chuma nyuma kwa kishindo kilichowaleta mafundi wa mageti wakikimbia.

Nilirudi kwa yule mtaalamu wa viungo, naye akanipima kwa njia ambayo mtu yeyote anaweza kujipima nyumbani. Unasimama pekupeku ukiutazama ukuta, unaweka mguu mmoja mbele, kisha unajaribu kuugusa ukuta kwa goti bila kisigino kuinuka. Ukifanikiwa unaurudisha mguu nyuma kidogo na kujaribu tena, mpaka goti lishindwe kufika. Halafu unapima umbali kutoka ncha ya kidole gumba hadi ukutani. Mguu unaofika sentimita 10 au zaidi hauna tatizo kubwa. Wangu wa kulia ulifika 9. Wa kushoto ulifika 5. Niliuliza sababu, naye akauliza kama niliwahi kuteguka, nikakumbuka bodaboda iliyoniangusha mwaka 2014, na kifundo kilichovimba wiki tatu na ambacho sikukipeleka popote zaidi ya kukikanda kwa maji ya moto. Goti lisipoweza kwenda mbele kwa sababu kifundo kimekaza, mwili hutafuta njia nyingine: kisigino kinainuka, au unyayo unalalia ndani, au mgongo unainama. Kwa maana nyingine, viatu vya Karume vilikuwa vimeongeza kosa ambalo tayari nilikuwa nalo.

Hapo ndipo nilipoelewa kazi ya viatu vya kunyanyulia vyuma, ambavyo hadi wakati huo nilikuwa nikiviona kwenye simu ya kocha tu. Alikuwa na mazoea ya kutuonyesha video za mashindano, na siku moja alinionyesha wanawake wa uzani wa kilo 75 mjini Sydney mwaka 2000, mara ya kwanza wanawake kushindana katika mchezo huo kwenye Olimpiki. Ruth Ogbeifo wa Nigeria alipata medali ya fedha siku hiyo, kwa jumla ya kilo 245, sawasawa na mshindi kutoka Kolombia, ambaye alimshinda kwa kuwa mwepesi wa mwili tu. Vijana walitazama mikono na mabega. Mimi niliwaomba waongeze sauti, kwa sababu kilichonivutia kilikuwa mlio wa viatu vikigonga jukwaa, mkavu na mfupi kama wa mlango wa mbao unapofungwa. Kiatu cha sponji hakitoi mlio huo.

Viatu hivyo vina kisigino kilichoinuliwa, kwa kawaida milimita 15 hadi 22 hivi juu ya sehemu ya mbele, na kisigino hicho ni kigumu, hakibonyei. Zamani kilitengenezwa kwa mbao au kwa ngozi zilizopangwa tabaka kwa tabaka. Siku hizi vingi ni vya plastiki ngumu. Kisigino kikiinuka, kifundo hakihitaji kukunjika sana, goti linapata nafasi ya kwenda mbele, na kifua kinabaki kimesimama. Juu yake kuna ukanda mmoja au miwili ya kuukaza mguu katikati ili usiteleze ndani ya kiatu. Ni hayo tu. Kwa hayo tu, jozi nzuri iliyo mpya huuzwa kwa takriban dola 200 za Marekani, yaani karibu nusu milioni ya shilingi zetu, na mimi wakati ule nilikuwa nikishona sare za shule.

Nilitafuta njia ya mkato na nikaadhibiwa. Duka moja mjini, ambalo sitalitaja, lilinitangazia viatu vya kunyanyulia vyuma kwa shilingi 120,000, na kwa macho vilikuwa kamili: kisigino kirefu, ukanda, rangi nyekundu. Nilivivaa nikiwa nimesimama dukani, nikaridhika. Nilipofika jimu kocha alikitwaa kimoja, akaweka kidole gumba chake kwenye ubavu wa kisigino na kubonyeza, na kidole kikazama. Chini ya rangi ile ya plastiki kulikuwa na sponji ileile ya viatu vya kukimbilia, imevalishwa koti. Dukani walikataa kunirudishia fedha kwa sababu soli ilikuwa imeshagusa barabara. Kwa hiyo ninamwambia kila anayeniuliza: kabla ya kuvaa, bonyeza. Kishike kiatu kisiginoni na vidoleni ukikamue kama nguo iliyofuliwa, nacho kisikubali kujikunja. Kipinde, nacho kipindike pale tu vidole vinapoanzia. Kiangushe juu ya sakafu ngumu, usikilize. Yote hayo hayazidi dakika moja na hayahitaji ruhusa ya muuzaji.

Jirani yangu wa kazi, vibanda vitatu kutoka kwangu, ni fundi viatu, mzee ambaye sisi sote humwamkia, ingawa yeye na mimi huitana fundi kwa utani wa watu wa kazi za mikono. Nilimpelekea raba zangu pamoja na picha niliyoichora, nikamweleza ninachotaka. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Fundi, unataka kiatu cha mtu mzima anayejifunza kukaa chooni," alisema, na tukacheka wote wawili, kwa sababu ndivyo hasa ilivyokuwa.

Kisha akawa makini. Alisema mpira utabonyea hata uwe mgumu kiasi gani ukifika unene ule, na ngozi ya kutosha itakuwa ghali, basi afadhali mbao. Hakuwa amesikia lolote kuhusu viatu vya zamani vya wanyanyuaji. Aliifikia mbao kwa akili yake tu, kwa kukaa na tatizo kwa muda wa kikombe kimoja cha kahawa. Tulikwenda pamoja kwa seremala, tukaokota vipande vya mninga vilivyobaki kwenye fremu ya mlango, naye akavikata mfano wa kabari: vinene nyuma, vikipungua taratibu hadi kuwa vyembamba kama ukucha pale unyayo unapoanza kupindika. Aliibandika kabari chini ya soli, akaipiga skrubu nne fupi kutokea ndani na kufunika vichwa vyake kwa soli ya ngozi, kisha chini ya yote akaweka ukanda wa tairi ili mbao isiteleze juu ya saruji.

Jozi ya kwanza ilikuwa kosa langu, maana nilimwambia sentimita 3 kwa tamaa ya kushuka kirahisi zaidi. Nilijikuta nikisukumwa kwenye vidole, kama mwanamke aliyevaa viatu vya harusi na kupewa ndoo kichwani. Tulipunguza hadi sentimita 2, na hapo mguu ukatulia. Nilijaribiwa pia na wazo jingine ambalo nilidhani ni la busara, kwamba kwa kuwa kifundo cha kushoto ndicho kilichokaza, basi kisigino cha kushoto kiwe kirefu zaidi ya kile cha kulia. Fundi angenitengenezea bila swali. Ni mtaalamu wa viungo aliyenikataza kwa ukali, akisema kwamba ningeinamisha nyonga upande mmoja kisha nikaweka kilo 50 juu ya mwinamo huo, na mgongo ulionipeleka kwake mara ya kwanza ungenirudisha kwake mara ya pili. Visigino vikabaki sawa.

Kwa viatu vile vya mninga nilinyanyua kwa mwaka mmoja na miezi minne. Gundi iliachia mara mbili, na mara moja skrubu ilichungulia ndani hadi nikaihisi. Lakini vilinifundisha mambo mawili ambayo nisingeyajua bila kuyapitia. La kwanza ni kwamba kisigino kinapoinuka, kazi haipungui, inahama. Goti likienda mbele zaidi, misuli ya mbele ya paja na goti lenyewe hubeba zaidi, na nyonga na mgongo hubeba pungufu. Wiki ya kwanza niliendelea na uzito nilioufikia kwa raba, na goti langu lenye historia likalalamika. Ilinibidi nirudi hadi kilo 30 na kupanda upya, kilo mbili na nusu kila wiki. La pili ni kwamba kisigino kinaficha kifundo. Ukishaweza kushuka vizuri ndani ya kiatu, ni rahisi kusahau kwamba nje ya kiatu mguu bado umekaza vilevile, na kila siku unapochuchumaa kuokota pini sakafuni hujavaa mninga. Kwa hiyo kila asubuhi kabla ya kuwasha mashine nilijizoesha kuusogeza mguu ukutani, dakika tano kila upande, na hadi leo sijaacha.

Mwaka 2023 dada yangu anayeishi Muscat aliniambia anakuja likizo na akaniuliza nataka nini. Nilitaka viatu vya kweli. Tatizo la kununuliwa kiatu na mtu aliye mbali ni kipimo, na hapa kazi yangu ilinisaidia. Nilitandika karatasi ya kukatia ruwaza, nikasimama juu yake jioni, wakati miguu imevimba kidogo kwa kutwa nzima, nikiwa nimevaa soksi nitakazovaa jimu, nikamwomba binti yangu auchore kila mguu kwa penseli iliyosimama wima. Wa kulia ulikuwa sentimita 25.2, wa kushoto 24.8, na upana wa wote wawili ulikuwa mkubwa, kwa kuwa nilikua nikitembea pekupeku kwenye mchanga wa Tanga na vidole vyangu vilijitanua mapema. Kiatu hununuliwa kwa mguu mrefu. Nilimwomba dada asiangalie namba ya Uingereza wala ya Ulaya, ambazo hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, bali asome kwenye lebo iliyo ndani ya ulimi wa kiatu urefu wa mguu kwa sentimita au milimita, ambao huandikwa kwenye viatu vingi vya michezo. Tofauti na kiatu cha kukimbilia, ambacho huachwa nafasi ya kidole gumba mbele, hiki kisiwe na nafasi kubwa: vidole vilale bila kukunjika na viweze kujitanua, lakini kisigino kisipande hata kidogo unapochuchumaa. Alijaribu maduka mawili kabla ya kupata jozi ya Adidas iliyo pana kiasi, akiwa na karatasi yangu mkononi, akiiingiza ndani ya viatu mbele ya wauzaji.

Nimeulizwa mara nyingi kama viatu vya Muscat vinavishinda vya mninga. Vinavishinda, ila kwa kisigino havivishindi sana. Mbao haibonyei, na plastiki ngumu haibonyei, na chuma hakijui tofauti. Vinavishinda kwa namna vinavyoukumbatia mguu: kikombe kigumu kinachozunguka kisigino kwa nyuma, na ukanda unaoubana mguu juu ya upinde wake. Raba ya kitambaa, hata ukiijengea msingi wa mninga, juu yake ni kitambaa tu, na uzito ulipofika kilo 60 mguu wangu wa kushoto ulikuwa ukichomoza pembeni ya kabari. Aliye chini ya uzito huo, au aliyeanza jana, sioni kwa nini aingie deni. Avae raba bapa au abaki pekupeku kwa miezi ya mwanzo na aujue mguu wake kwanza. Na akishavipata vya kisigino, asivitembelee barabarani wala asivikimbilie, maana soli isiyobonyea itampelekea kila kishindo kwenye magoti.

Sasa mfukoni mwangu nina jozi mbili, za kisigino kwa ajili ya skwati na kwa kusukuma chuma juu ya kichwa, na raba bapa kwa kuinua kutoka sakafuni. Vijana huniona nikibadilisha viatu katikati ya zoezi na kunitania kwamba mama ana harusi mbili leo. Vya mninga nilimpa binti mmoja anayejifunza, ambaye mguu wake unalingana na wangu, na fundi viatu ameshatengeneza jozi nyingine tano kwa ajili ya watu wa jimu ile, akiongeza bei kidogo kila mara na kudai kwamba mninga umepanda.

Juzi nilimpelekea moja ya raba zangu bapa, iliyoanza kuachia gundi ubavuni. Aliigeuza, akaitazama soli, kisha akaiweka juu ya ubao na kuinama ili aione kwa nyuma, jicho moja amelifumba. Aliniambia inalalia ndani kidogo bado, ila si kama zamani, na akaniuliza ukutani nimefika ngapi. Nilimwambia wa kushoto umefika saba na nusu. Alichukua penseli kutoka nyuma ya sikio na kuiandika namba hiyo ubaoni, chini ya zile nyingine.